Ndege za matajiri zageuzwa kuwa macho ya jeshi: funzo kutoka Entebbe

Majeshi mengi duniani yanaachana na ndege kubwa za upelelezi na kununua jeti ndogo zilizoundwa kwa ajili ya wafanyabiashara na marais. Msako wa Joseph Kony, uliofanywa kwa miaka mingi kutoka Uganda, unaonyesha kile ambacho ndege za namna hiyo zinaweza kukiona na kile kinachobaki kufichika.

Kwa miaka mingi rais wa Uganda amesafiri kwa ndege aina ya Gulfstream G550, ambayo makao yake ni Entebbe, kilomita 40 hivi kutoka Kampala. Ununuzi wake, uliogharimu takriban dola milioni 48, ulizusha mjadala mkali nchini. Ndege ya muundo huo huo, ikiwa mikononi mwa majeshi ya Israel, Italia na Singapore, haina viti vya ngozi wala meza za mikutano. Ubavuni imebandikwa rada, na ndani yake wameketi wataalamu mbele ya safu za kompyuta.

Mageuzi hayo yamezidi kushika kasi. Mwezi Agosti 2024, jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua kampuni ya Sierra Nevada kuzigeuza jeti za Bombardier Global 6500 kuwa ndege mpya za upelelezi, katika mradi uitwao HADES. Kwa miongo kadhaa jeshi hilo lilitegemea ndege ndogo za rafadha, zile ambazo wengi huziita za pangaboi. Sasa linataka kuruka juu zaidi, kwenda mbali zaidi na kufika haraka.

Kwa nchi kama Uganda, ambayo imepambana na makundi yenye silaha misituni tangu miaka ya 1980, suala muhimu si ndege ipi inaruka juu kuliko nyingine. Suala ni ipi inaweza kuona kinachohitaji kuonwa, na nani atanufaika na habari hizo kabla mambo hayajaharibika.

Kwa nini jeti ya wafanyabiashara?

Zamani, ndege ya upelelezi ilikuwa kubwa kama ndege ya abiria. Vifaa vyake vilikuwa vizito, na wafanyakazi wake walihesabiwa kwa makumi. Kompyuta zilipopungua ukubwa na uzito, kazi iliyohitaji ndege yenye injini nne ikawezekana kufanywa na jeti ya injini mbili yenye watu wachache.

Jeti hizo zina sifa tatu ambazo majeshi huzipenda. Kwanza, huruka juu sana. Gulfstream G550 na Bombardier Global 6000 zinaweza kufika mwinuko wa mita 15,000 na zaidi, juu ya njia za ndege za kawaida za abiria. Pili, huenda mbali bila kutua: G550 inaweza kusafiri takriban kilomita 12,500. Tatu, kwa kuwa mamia ya ndege za aina hizo hutumiwa na kampuni na watu binafsi, vipuri na mafundi wake hupatikana katika nchi nyingi.

Mwinuko una maana kubwa kwa sababu dunia ni mviringo. Ndege iliyo mita 6,000 juu ya ardhi ina upeo wa kilomita 275 hivi kabla ya mviringo wa dunia kuficha kilichoko mbele yake. Ikipanda hadi mita 12,000, upeo huo husogea hadi kilomita 390 hivi. Kwa hesabu hiyo, jeti inayozunguka juu ya Kampala haizuiwi na mviringo wa dunia kuuelekea mji wa Gulu, ulio umbali wa kilomita 270 hivi kwa njia ya anga. Ndiyo maana nchi yenye jeti ya namna hiyo inaweza kuchungulia ndani ya nchi jirani bila kuvuka mpaka.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo ina onyo ndani yake. Ndege imepanda mara mbili, lakini upeo wake haukuongezeka mara mbili. Na kuwa ndani ya upeo si sawa na kuonekana: mlima, jengo au mti mmoja mnene unatosha kumficha mtu.

Rada, kamera na masikio

Ndege ya upelelezi hukusanya habari kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni rada ya kuchora picha. Ndege hutuma mawimbi ardhini na kupokea mwangwi wake ikiwa safarini, kisha kompyuta huunganisha mwangwi huo na kuunda picha. Rada hii hufanya kazi usiku na huona kupitia mawingu. Nyingine huweza pia kutambua magari yanayotembea na kuonyesha yanaelekea wapi. Antena yake mara nyingi huwekwa katika kifuniko kirefu chini ya tumbo la ndege, mfano wa mtumbwi ulioning'inizwa.

Njia ya pili ni kamera, za mchana na za joto. Hizi hutoa picha ambayo hata asiye mtaalamu huielewa: mtu, pikipiki, moto wa kupikia. Udhaifu wake ni kwamba mawingu na ukungu huzizuia, na ili kuona mambo madogo, ndege hulazimika kusogea karibu.

Njia ya tatu ni kusikiliza. Vifaa maalumu hunasa mawimbi ya simu, redio za upepo na rada za adui. Wimbi likinaswa kutoka pembe mbili au zaidi, mahali lilipotoka huweza kukadiriwa. Njia hii ina nguvu kubwa, kwa sharti moja: adui lazima azungumze.

Ulinganisho wa ndege zenyewe

Miongoni mwa jeti, Gulfstream ndiyo iliyochaguliwa na Israel kwa kazi mbili tofauti: moja ikiwa ni kutazama anga kwa rada, na nyingine kunasa mawasiliano. Singapore na Italia zilinunua aina ya kutazama anga.

Bombardier ya Kanada ndiyo iliyozaa ndege ambayo Waafrika wengi walisikia habari zake bila kujua jina lake. Uingereza iliigeuza Global Express kuwa ndege ya Sentinel, yenye wafanyakazi watano, wawili wakiwa marubani. Zilikuwa tano tu. Mwaka 2011 zilitumika Libya, na mwaka 2013 moja ilipelekwa Dakar, Senegal, kuisaidia Ufaransa katika vita vya Mali. Katika jangwa la kaskazini mwa Mali, ambako magari ya waasi hayana mti wa kujifichia, rada yake ilikuwa mahali pake hasa.

Mwaka uliofuata, wasichana 276 walipotekwa kutoka shule ya Chibok nchini Nigeria, Sentinel ilipelekwa Ghana ili kusaidia kuwatafuta. Ndege zilipita juu ya msitu wa Sambisa, lakini wasichana wengi walibaki mikononi mwa watekaji kwa miaka kadhaa. Uingereza iliziondoa Sentinel kazini mwaka 2021, takriban miaka 12 tu baada ya kuanza kuzitumia. Ununuzi wa ndege hizi ni mwanzo tu wa gharama: kuzitunza na kuzipatia vifaa vipya ni mzigo uliozishinda hata nchi tajiri.

Katika Ghuba, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipokea ndege yake ya kwanza ya GlobalEye mwezi Aprili 2020. Hiyo ni jeti ya Global 6000 iliyowekewa rada ya kampuni ya Saab ya Sweden, iliyokaa mgongoni mwa ndege kama boriti. Inaweza kukaa angani zaidi ya saa 11, na huangalia anga, bahari na nchi kavu kwa wakati mmoja.

Ufaransa nayo hutumia jeti za Falcon zinazoundwa na kampuni yake ya Dassault. Falcon 50 hufanya doria za baharini, na Falcon 8X imechaguliwa kwa kazi ya kunasa mawasiliano.

Udhaifu wa jeti hizi zote unafanana. Zinahitaji njia ndefu ya lami, mafuta mengi na mafundi wa kiwango cha juu. Zina mwendo mkubwa, jambo zuri kwa kufika mbali lakini si zuri kwa kukodolea macho njia moja ya miguu kwa saa sita. Na kwa kuwa ni ghali, nchi hununua chache. Moja ikiwa karakana na nyingine ikiwa safarini, anga hubaki bila mlinzi.

Ndege iliyochaguliwa Entebbe

Msako wa Kony ulipoanza kufanywa kutoka angani, haikuchaguliwa jeti.

Tarehe 14 Desemba 2008, majeshi ya Uganda, Kongo na Sudan ya Kusini yalishambulia kambi za kundi la LRA katika mbuga ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Kony alikwishaondoka. Wapiganaji wake walilipiza kisasi kwa raia katika siku za Krismasi na wiki zilizofuata, na watu zaidi ya 800 waliuawa.

Kuanzia mwaka 2009, kama gazeti la Washington Post lilivyofichua mwezi Juni 2012, wakandarasi wa Marekani walikuwa wakirusha ndege za upelelezi kutoka Entebbe katika mpango wa siri uliopewa jina la Tusker Sand. Ndege hizo zilikuwa aina ya Pilatus PC-12, za Uswisi, zenye injini moja na rafadha moja.

Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki. PC-12 hutua na kuruka katika viwanja vya udongo visivyofika urefu wa kilomita moja, kama vile vilivyotapakaa katika eneo la msako. Kutoka Entebbe hadi Obo, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ni kilomita 900 hivi kwa njia ya anga, mwendo wa karibu saa mbili kwa ndege hiyo. Bei yake ilikuwa mamilioni machache ya dola, sehemu ndogo tu ya bei ya jeti. Tena, haikuzua maswali: Afrika Mashariki imezoea kuona ndege za aina hiyo zikibeba watalii na wagonjwa, na hata shirika la AMREF Flying Doctors la Nairobi huitumia kusafirisha wagonjwa.

Kwa kila kigezo cha kiufundi, basi, ndege iliyofaa ilipatikana. Mwezi Oktoba 2011 Rais Barack Obama alitangaza kutuma wanajeshi 100 hivi kuwashauri wanajeshi wa Uganda na wa nchi jirani, na mwaka 2014 Marekani ikaongeza ndege za kubebea wanajeshi. Gharama za msako huo kwa Marekani zinatajwa kukaribia dola milioni 800. Mwezi Aprili 2017 ulisitishwa. LRA ilikuwa imebakiwa na wapiganaji wasiozidi 100 hivi, lakini Kony hakupatikana. Mwezi Septemba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mjini The Hague ilisikiliza mashtaka dhidi yake yeye mwenyewe akiwa hayupo, miaka 20 baada ya kutoa hati ya kumkamata.

Msitu, ukimya na miguu

Sababu za kushindwa huko zinaeleweka. Eneo alilopitia Kony lilikuwa kubwa kuliko Uganda nzima, likigusa nchi tatu, na sehemu kubwa yake ni msitu mnene. Mawimbi ya rada za kawaida hugonga majani na kurudi kabla ya kufika ardhini. Kamera ya joto nayo haioni kupitia dari ya miti. Watu kumi wanaotembea kwa mguu, wasiowasha moto mchana, ni kama hawapo.

Masikio ya ndege nayo yalinyimwa sauti. Makamanda wa LRA walipotambua kwamba simu za setilaiti na redio za upepo ziliwafichua, Kony aliacha kuzitumia na kuwatuma wajumbe kwa miguu. Kundi ambalo miaka ya nyuma lilikuwa likizungumza redioni kila siku likanyamaza, na mitambo ya mamilioni ya dola ikabaki bila cha kusikiliza.

Uchungu wa jambo hili ulionekana katika eneo la Makombo, wilaya ya Haut-Uele nchini Kongo. Kati ya tarehe 14 na 17 Desemba 2009, wapiganaji wa LRA walipita kijiji baada ya kijiji na kuua watu 321, kwa mujibu wa uchunguzi wa Human Rights Watch. Wengine karibu 250 walitekwa, watoto wakiwamo. Ulimwengu ulipata habari kamili mwishoni mwa Machi 2010, zaidi ya miezi mitatu baadaye, baada ya wachunguzi kuzungumza na manusura. Habari hizo hazikutoka angani.

Redio ilipofanya kazi ya ndege

Baada ya mauaji hayo, parokia za Kanisa Katoliki na mashirika ya kiraia katika eneo hilo yalipanua mtandao wa redio za upepo. Kila kijiji chenye redio kilitoa taarifa asubuhi na jioni: nani ameonekana, wametoka wapi, wanaelekea wapi. Taarifa hizo ziliwafikia majirani, mashirika ya misaada na wanajeshi. Redio moja, betri na kibao cha sola hugharimu kiasi kidogo sana kikilinganishwa na saa chache za kurusha jeti.

Redio ilifanya kazi ya pili pia. Kutoka Gulu, kituo cha Mega FM kilirusha kipindi ambamo waliotoroka LRA waliwazungumzia wenzao waliobaki msituni, wakiwahakikishia kwamba Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ingewapokea. Ndege nazo zilipata kazi mpya: kudondosha vipeperushi na kurusha sauti za ndugu kwa vipaza sauti. Wengi waliokuwa hawaonekani kwa rada walijitokeza kwa miguu yao wenyewe. Mwezi Januari 2015 Dominic Ongwen, mmoja wa makamanda wakuu, alijisalimisha katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alihukumiwa The Hague kifungo cha miaka 25.

Je, ndege zisizo na rubani ni jibu?

Tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulizindua mjini Goma ndege zake za kwanza za upelelezi zisizo na rubani. Hizi haziweki rubani hatarini, na huweza kuzunguka mahali pamoja kwa muda mrefu. Mwezi Mei 2014 moja iliona boti ikizama katika Ziwa Kivu, na watu kadhaa wakaokolewa. Ni mfano mzuri wa mazingira yanayoifaa ndege: maji yaliyo wazi, na waokoaji walio karibu.

Lakini zina mipaka yake. Ndogo hubeba kamera moja tu au mbili, hutegemea mawasiliano yasiyokatika na waendeshaji, na hupata taabu katika dhoruba za kitropiki. Jeti yenye wataalamu ndani yake huweza kuchambua habari ikiwa bado angani.

Hatari nayo haimalizwi kwa kuruka juu. Februari 2012, ndege ya kijeshi ya Marekani iliyotokana na PC-12 ilianguka ikirejea Djibouti, na wote wanne waliokuwamo walifariki. Tarehe 5 Januari 2020, wapiganaji wa al-Shabaab walivamia uwanja wa Manda, katika kaunti ya Lamu nchini Kenya, wakateketeza ndege ya upelelezi iliyoendeshwa na wakandarasi na kuua Wamarekani watatu. Ndege inayoona mamia ya kilomita ikiwa angani haikuweza kuwaona waliokuja kuichoma ikiwa chini.

Maswali yanayoikabili Kampala

Tangu Novemba 2021, jeshi la Uganda limekuwa likipambana na kundi la ADF mashariki mwa Kongo katika Operesheni Shujaa. Uwanja wa mapambano hayo unafanana na ule wa Kony: misitu ya Virunga na Ituri, vikundi vidogo, mpaka mrefu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, kilomita chache tu kutoka mpakani, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, kisha wakakimbilia Virunga wakiwa na mateka. Wanajeshi na ndege walianza kuwafuatilia baada ya mabweni kuteketea.

Kwa hiyo, serikali yoyote inayofikiria kununua au kukaribisha ndege za upelelezi ina maswali matatu ya kujibu mbele ya wananchi na bunge lao. La kwanza ni la ardhi: je, adui yuko jangwani na baharini, ambako jeti hufaa, au chini ya miti? La pili ni la umiliki: ndege ikiendeshwa na wakandarasi wa kigeni, kama ilivyokuwa Entebbe, picha na sauti zinabaki mikononi mwa nani, na nani huamua zitumike vipi? La tatu ni la muda: habari ikipatikana saa nne usiku, ina njia gani ya kumfikia mlinzi wa shule kabla ya saa tano?

Swali hilo la tatu ndilo lenye gharama ndogo zaidi kulijibu. Linahitaji redio au simu yenye chaji, mtu anayeaminika upande wa pili, na wanajeshi walio tayari kuondoka mara moja. Wakazi wa Haut-Uele waliujenga mfumo huo baada ya kuzika ndugu zao. Kwa familia za Mpondwe na vijiji vingine vya mpakani wilayani Kasese, usalama wa watoto wao utapimwa kwa jinsi mfumo kama huo unavyofanya kazi, hata kama hakuna ndege inayopita juu yao.